Usingizi wa Chini ya Majani Chai

Kama umetoka hospitalini juzi na daktari amekuambia upumzike, na wewe ni mke wa mtu katika vilima vyetu vya Nyamira, nakuonea huruma. Dawa utameza. Sindano utaizoea, hata ile ya makalioni. Kupumzika ndiko kutakakokutoa jasho. Mimi niliugua moyo mwishoni mwa miaka ya sitini, na leo nimepata nafuu ya kutosha kuandika haya bila kuhema. Siku zile nilitafuta mtu wa kunieleza jinsi mama mwenye watoto, ng'ombe, chai na mama mkwe anavyopata nafasi ya kujilaza mchana. Sikumpata. Kila niliyemuuliza alidhani natania.

Naitwa Kerubo, na mume wangu ni Mwalimu Ombati. Boma letu liko mbele kidogo ya soko la Ekerenyo, kwenye mteremko unaokwenda mtoni. Kabla sijaugua, niliamka kabla ya jogoo, nikakamua, nikapika uji, nikawatoa watoto kwenda shule, nikaingia kwenye chai. Nikitoka kwenye chai napeleka majani kituoni, kisha kuni, kisha maji, kisha shamba la wimbi, kisha jikoni. Hayo ni ya nyumbani. Kanisani nilikuwa kiongozi wa kina mama, mwimbaji, na mpishi mkuu wa misiba na harusi zote. Palipofiwa niliitwa. Palipooana niliitwa. Na msidhani nilionewa, nilipenda. Watu walisema, "Kerubo hana mkono wa kupumzika," nami nilitembea na sifa hiyo kutwa nzima bila kuhisi uzito wake.

Ugonjwa ulianzia kwenye kilima cha kutoka chemchemi. Kilima kile nimekipanda na mtungi kichwani na mimba tumboni, tena nikiimba. Msimu ule wa mvua ndefu nikaanza kusimama katikati, nikijifanya naangalia migomba ya jirani. Baadaye nikawa nasimama mara mbili, hata jirani akaanza kuwa na wasiwasi na migomba yake. Miguu ikavimba ikakataa viatu. Tumbo nalo likatoka mbele.

Kina mama wa kanisa walipoliona tumbo walinipongeza. Mama Agnesi, mke wa mzee wa kanisa, mwanamke anayejua habari zako kabla hujazijua mwenyewe, alinijia na mkungu wa ndizi. "Mungu amekukumbuka tena," akasema. Nikamwambia sina habari. Akacheka, akasema wote husema hivyo. Aliongea kwa uhakika mkubwa hata nikaanza kuchagua jina. Mwalimu alihesabu vidole vyake kimyakimya akaona hesabu haiingii, lakini naye aliogopa kubishana na mke wa mzee wa kanisa. Nilikuja kukaa chini katikati ya barabara nikitoka kituo cha majani, nikashindwa kuinuka, ndipo Mama Agnesi alipokubali kwamba huyo hakuwa mtoto.

Tukaenda hospitali ya Kisii. Pale palikuwa na benchi refu nje ya mlango wa daktari, na benchi lile lilikuwa na desturi yake: anayetangulia akiingia, wote mnasogea kwa makalio, unakalia joto la mwenzako. Karibu nami alikaa mama mmoja kutoka Nyacheki akifuma sweta. Akashikwa na usingizi. Mimi kuona sindano za kufumia zimelala bure mapajani mwake nikashindwa kuvumilia, nikazichukua. Alipoamka nilikuwa nimemaliza mkono mmoja na nimeanza kupunguza kwenye kifundo. Akautazama ule mkono, akaitazama midomo yangu iliyokuwa imebadilika rangi, akasema, "Wewe dada, ndiyo maana uko hapa."

Daktari alikuwa Mhindi mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha dukani. Alinisikiliza mgongoni, akanisikiliza kifuani, akabonyeza mguu wangu kwa kidole. Shimo likabaki pale pale.

"Mama, wewe napumzika saa ngapi?"

"Usiku."

"Mchana?"

"Mchana nafanya kazi."

"Jumapili?"

"Sisi ni Wasabato. Tunapumzika Jumamosi."

"Vizuri. Jumamosi nafanya nini?"

Nikamwambia. Naamka mapema nifike kanisani kabla ya watu, nafundisha watoto, naimba, nagawa chakula, alasiri natembelea wagonjwa, jioni mkutano wa kina mama. Daktari aliweka kalamu chini. Akaniuliza, "Na wewe nacheza nini? Kitu ya kufurahisha moyo?" Nikamwambia mimi ni mama wa watoto watano, mchezo wangu uliisha nilipoolewa.

Sitawaeleza habari za milango ya moyo, kwa kuwa sikuzielewa wakati ule na sizielewi hata sasa. Nilichoelewa ni maneno yake ya mwisho. "Moyo yako nachoka. Dawa nasaidia, sindano kila mwezi nasaidia. Lakini kila siku baada ya chakula ya mchana, wewe nalala. Kama hapana lala, hii watoto tano nalelewa na mama mwingine."

Maneno hayo yalinipata. Mwalimu Ombati ni mtu mwema, lakini nilimjua. Asingemaliza msimu mmoja wa mahindi bila mke. Nilikaa nikimpitisha kichwani kila mwanamke wa Ekerenyo ambaye angeweza kulala kitandani mwangu na kuwapiga watoto wangu, nikaogopa kweli kweli. Niliogopa mpaka nikalia pale mbele ya daktari, nami si mtu wa kulia mbele ya watu.

Nililazwa wodini. Wakanipa vidonge vya kutoa maji, na wote mtakaovimeza mjue mapema choo kiko wapi, kwa sababu dawa ile haikusubiri. Maji yalitoka mpaka siku moja nikaviona tena vifundo vya miguu yangu, nikaviamkia. Nilipopata nguvu ya kusimama nikachukua ufagio nikafagia wodi. Kesho yake nikaosha vikombe vya wagonjwa wote. Siku iliyofuata muuguzi mkuu, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, alinikuta natandika kitanda cha jirani yangu, na jirani mwenyewe akiwa bado ndani yake.

"Ulikuja hapa kuugua au kuajiriwa?" akaniuliza. Alinirudisha kitandani, akanichomekea shuka kwa nguvu chini ya godoro hata nikashindwa kunyoosha mkono. Usiku huohuo aliniletea maji ya moto ya kuoga, kinyume cha kanuni zake mwenyewe. Mpaka leo namwombea.

Nikarudi nyumbani na chupa za vidonge na amri ya kulala. Siku ya kwanza, baada ya chakula, nikajilaza kitandani. Sikuwa hata nimefumba macho, hodi ikapigwa. Sasa sikilizeni: kwetu, mtu akilala mchana hilo si jambo la mtu binafsi. Ni habari. Aliyelala mchana ni mgonjwa wa kukata tamaa, na mgonjwa hutembelewa. Wa kwanza alikuwa mke wa shemeji, akafuatwa na jirani wa juu, kisha jirani wa chini, kisha Mama Agnesi na kundi zima la kina mama na uji wao na nyimbo zao. Mgeni hawezi kuondoka bila kula. Nikainuka, nikakoka moto, nikasonga ugali. Walikula, wakaniombea nipate kupumzika, wakaondoka. Kesho wakarudi wengine. Ndani ya wiki moja ya kupumzika nilipika kuliko nilivyopika kwenye harusi ya mdogo wangu.

Mwalimu alijaribu kuwazuia. Alisimama mlangoni na fimbo ya ubaoni akisema mgonjwa amelala, warudi siku nyingine. Wakamsikia wakasema, "Kumbe hali ni mbaya hivyo?" na siku iliyofuata wakaja mara mbili yao, wengine kutoka Birongo, wakwe wa wakwe, waliokuja kuniaga. Tukagombana, mimi na mume wangu, ugomvi wa kunong'ona kwa sababu ya wageni sebuleni. Yeye alisema niwakatalie. Mimi nikasema ajaribu yeye kuwa mwanamke kwa siku moja. Hatukuongea mpaka Ijumaa.

Nikajaribu nje. Nilitandika mkeka nyuma ya nyumba, chini ya migomba, mahali wageni wasiponiona. Lakini nilisahau baba mkwe. Mnajua heshima yetu ile tunayoiita ensoni. Baba mkwe hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe, na mke wa mwana hajilazi mahali ambapo macho ya baba mkwe yanaweza kufika. Na mzee yule, ambaye kwa miaka mingi hakuwa amepita nyuma ya nyumba yangu, wiki ile alikuwa na mbuzi aliyepotea kila siku, na kila siku mbuzi alipotelea kwenye migomba yangu. Kila nilipomsikia akikohoa niliruka na kukunja mkeka, na yeye kila aliponiona aligeuka na kutazama kilima cha mbali. Moyo wangu ulikwenda mbio kuliko nilipopanda kutoka chemchemi.

Wakati wa sindano ya pili daktari alinisikiliza akatikisa kichwa. "Wewe hapana lala," akasema. Sikubisha.

Wazo lilikuja lenyewe, siku moja nikichuma chai. Chai yetu ilikuwa imekomaa. Matawi yake yalikuwa yamekutana juu na kufunga, mtu akisimama yanamfika kiunoni. Lakini chini yake palikuwa wazi, pakavu, pamejaa majani makavu laini, pana kivuli na pana baridi. Kidonge changu kimoja kilianguka, nikainama kukitafuta, nikaingia chini kwa magoti. Nikakiona. Nikakaa kidogo nipate pumzi. Nilipozinduka jua lilikuwa limevuka.

Sijui kama nimewahi kulala hivyo. Hakuna aliyejua. Kikapu changu kilikuwa juu ya kichaka, na aliyekiona kutoka njiani alisema, "Yule Kerubo anachuma," akaendelea na safari yake. Basi huo ukawa mtindo wangu. Nikimaliza kula nachukua kikapu, nakaza mkanda kichwani, nawaaga watu wa nyumbani kwa sauti ya mtu mwenye haraka, naingia ndani ya chai katikati kabisa, natundika kikapu, napiga magoti, napotea. Mvua fupi zilipoanza nilijifunika karatasi ya nailoni. Wageni walipungua, maana mgonjwa akionekana anakwenda kazini amepona. Pumzi ilianza kurudi. Sindano ya nne daktari alitabasamu.

Tatizo lilikuwa majani. Kikapu hakijazwi na mtu aliyelala. Asubuhi nilichuma nilichoweza, lakini kituoni mizani haikudanganyika, na mama mkwe wangu alikuwa na macho.

Niwaambie habari zake. Watoto walimwita Magokoro, yaani nyanya, na sisi wote tukafuata. Alikuwa mwembamba, mkavu, Msabato wa zamani, wa wale wanaolima chai na hawaionji kwa sababu inasisimua mwili. Yeye hakuhitaji cha kumsisimua. Sikuwahi kumwona ameketi bila kitu mkononi, ama maharage ya kuchambua ama kamba ya kusokota. Kila tulipokutana alikuwa na sentensi moja: "Mimi tangu niolewe sijalala mchana." Hakuisema kwa ubaya. Aliisema kama wengine wanavyosema hujambo. Alipoona majani ya boma letu yamepungua na mimi nashinda ndani ya chai, alikata shauri kwamba nayauza kwa siri kwa watu wa boma jingine. Akaamua kunifuata.

Alikuja kimya mchana mmoja wa kiangazi. Akakikuta kikapu juu ya kichaka, mwenyewe hayupo. Akainama. Akaniona nimelala chali, mdomo wazi, mikono kifuani, mtu ambaye boma zima linajua ana ugonjwa wa moyo. Akafanya ambalo mama yeyote wa kwetu angefanya. Alipiga ukunga.

Ukunga wa Magokoro ulisikika ng'ambo ya mto. Niliamka, lakini kabla sijasogea nilisikia vishindo vya watu wakikimbia, na sauti ya Mama Agnesi mbele yao wote, nikaelewa kilichotokea. Hapo nikapata aibu ambayo sijawahi kuipata. Ningeinuka niseme nini? Kwamba nilikuwa nimelala? Mchana? Ndani ya chai, na kikapu kitupu? Nikaona heri nibaki maiti kidogo, labda watatawanyika. Mtu mwenye haya hafikiri vizuri.

Hawakutawanyika. Walijaa kwenye mistari ya chai, wanawake wakilia, mikono kichwani. Baba mkwe naye alifika na bakora yake, akaniona miguu, na pale pale akageuka akatupa mgongo. Alikuwa na huzuni na alikuwa na ensoni, na vyote viwili vilimtaka mahali tofauti. Akawa anauliza akiutazama mto, "Ameaga au hajaaga? Hebu niambieni, mimi siwezi kutazama."

"Ameaga, baba," akasema Mama Agnesi, ambaye hakuwa amenigusa. Kisha akaanza kunililia kwa maneno, kama desturi ilivyo. "Yaaye, Kerubo. Tangu uolewe hapa nani alikuona umekaa? Hukupumzika hata siku moja, Kerubo."

"Hakupumzika," wakaitikia wengine.

"Harusi ya binti yangu ulipika peke yako. Hukupumzika."

"Hakupumzika."

Nilikuwa nimefumba macho, na nilikuwa nangoja. Nilingoja mtu aseme nilikuwa na sauti nzuri. Au nilikuwa mcheshi. Au niliwapenda watoto wangu. Walilizungusha lile moja tu, tena kwa upendo wa kweli, machozi ya kweli, kwao ndiyo ilikuwa sifa kubwa kupita zote. Nikasikia uchungu mwingi. Niliona kwamba kama ningekufa siku ile, basi hicho ndicho kingekuwa kimebaki cha kusema juu yangu, na kwamba kilikuwa ndicho kilichoniua.

Siafu wakanimalizia hayo mawazo. Mmoja aliingia kwenye goti, akawaita wenzake, nami nikasimama katikati ya msiba wangu nikijipiga mapaja. Wanawake wawili walikimbia. Mama Agnesi hakukimbia, alikaa chini pwa. Baba mkwe, bado katupa mgongo, aliuliza ni nini, akauliza tena.

Mwalimu alifika mbio kutoka shuleni, chaki bado mkononi, darasa zima likimfuata. Akanikuta natoa siafu kwenye kitambaa cha kichwa. Alisimama, akanitazama kutoka juu mpaka chini, kisha akakaa kwenye udongo na suruali yake safi akalia mbele ya wanafunzi wake. Ugomvi wetu wote wa miezi ile uliishia pale. Nilikaa karibu naye, nikamwambia ukweli mbele ya watu: nilikuwa nalala, ni amri ya daktari, na hakukuwa na mahali pengine.

Watu waliondoka wakiwa wamekasirika kidogo. Kumlilia mtu aliye hai ni hasara ya machozi. Jioni Magokoro alinijia jikoni. Akasema, "Umelala kwenye chai ya watu kama ndama. Mimi nitapita wapi sokoni?"

Mwalimu ndiye aliyesema mama yake aende nami siku ya sindano iliyofuata, akasikie kwa masikio yake. Magokoro alikataa. Siku ilipofika akavaa nguo ya kanisani, akaenda. Kwenye lile benchi alisogea kwa makalio pamoja nasi, mgongo umenyooka, akisokota kamba. Daktari alimsalimu, akamuuliza ni nani, kisha hakuhubiri hata kidogo. Alichukua kile kipimo chake cha kusikilizia, akamtia masikioni mama mkwe wangu, na ncha ya pili akaiweka kifuani kwangu.

"Mama, wewe sikiliza tu."

Magokoro alisikiliza. Kamba ilimponyoka. Alisikiliza muda mrefu, macho yake yakiwa ukutani, na mimi sikuthubutu kupumua nisije nikamharibia. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, "Unakwenda kama mtu anayekimbia kwa mguu mmoja."

Tuliposhuka kwenye basi na kuanza kutembea kuelekea nyumbani, alinipokonya mfuko wangu akaubeba. Kisha akaniambia habari za binti yake Bosibori, ambaye nilijua alikufa zamani nisijue vipi. Alikuwa ameolewa mbali. Alikuja kumtembelea mama yake akihema, miguu imevimba, akasema amechoka. "Kwa wakwe zake walisema ni mvivu," Magokoro akasema. "Nami nikamwambia ajikaze, asituaibishe. Akarudi akajikaza. Aliangukia kwenye shamba la wimbi." Akahamishia mfuko mkono wa pili, akatembea. "Sikuwahi kusikia moyo wake. Hakuna aliyenipa kile chombo."

Nilimshika mkono, na yeye ambaye hakupenda kushikwashikwa aliuacha mkono wake pale mpaka kwenye lango.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika, ingawa si kwa siku moja. Mwalimu alianza kuchuma chai baada ya masomo, akiwa na tai shingoni. Wanaume wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Na Magokoro akawa mlinzi wangu. Nikiingia chini ya chai yeye alibaki njiani akijifanya anapalilia, na aliyepita akiuliza habari zangu aliambiwa nimekwenda sokoni. Msabato yule wa zamani alidanganya kila siku isipokuwa Jumamosi.

Siku moja aliinama akachungulia. "Huko chini," akauliza, akitazama pembeni, "kuna nafasi ya mtu wa pili?"

Hakulala. Hakujua hulalwa vipi. Alikaa amekunja miguu, mikono inamwasha kwa kukosa kazi, akaanza kuokota vijiwe. Nikamwona anakirusha kimoja juu, anazoa vitatu chini, anakidaka. Nikafungua macho vizuri. Ule mchezo tuliucheza sote tukiwa wasichana, lakini sijamwona mtu mwenye mkono kama ule. Alizoa viwili, vitatu, vitano, akavigeuza juu ya kiganja, havikuanguka. Aliniambia katika kijiji chao hakukuwa na msichana wa kumshinda, mpaka alipoolewa na vijiwe vikabaki kwa mama yake. Tulicheza. Alinishinda, tena alinishinda bila huruma, mgonjwa mimi, na kila nilipokosa alicheka kicheko ambacho sikujua anacho. Huko ndiko nilikompatia daktari jibu la swali lake la mchezo.

Mvua ndefu zikaja na kupita, zikaja tena. Sindano niliacha kuzihesabu. Ninachomwa mpaka leo, wala siyo kitu, kabla ya muuguzi kuvuta pumzi nimeshashusha nguo. Kilima cha chemchemi napanda na kibuyu kidogo, nasimama mara moja, na sijifanyi naangalia migomba. Uongozi wa kina mama nimewaachia wengine, na ajabu ni kwamba harusi bado zinafanyika na watu wanashiba. Wewe unayesoma ukiwa umeambiwa upumzike, anza kwa kutafuta mtu mmoja wa kukulinda. Bila huyo hutaweza, hata ukiwa na kitanda cha chuma na godoro la pamba.

Mwaka huu, katika kiangazi hiki, nimeanza kulala ndani ya nyumba, kitandani kwangu, mlango ukiwa wazi. Juzi nilikuwa nimejilaza hivyo baada ya chakula. Magokoro alikuwa ameketi kizingitini. Nikasikia Mama Agnesi anapiga hodi langoni, anauliza niko wapi, kuna harusi Jumapili na wapishi hawatoshi.

"Yuko ndani," akasema Magokoro. "Amelala."

"Yaaye. Ameshikwa tena?"

"Hapana. Ni mzima."

Nilijua Mama Agnesi anaangalia jua lilipo.

"Kama ni mzima, si umwamshe?"

"Simwamshi."

"Sasa nikawaambie nini wenzangu?"

"Waambie Kerubo si mgonjwa," akasema mama mkwe wangu, kwa sauti ambayo bila shaka ilivuka barabara. "Hajafiwa, na hakuna kilichompata. Amelala tu."

Kitandani miguu yangu ilikuwa imeshaanza kutafuta viatu. Niliirudisha juu, nikageukia ukutani, nikalala.